Wauaji Kumi wa Mimea ya Tangi la Samaki: Toleo la Kisiwa cha Pate

Kufuga samaki wa kutazama kisiwani Pate kunataka macho makavu. Hapa watu wanaishi kwa samaki wa kula. Weka tangi la kioo sebuleni uone: mgeni wa kwanza atauliza hao wamebakisha siku ngapi kabla ya kutiwa tui. Wa pili atawauliza jamaa zako kama u mzima. Ukimweleza kwamba kinachokushughulisha zaidi si samaki bali majani yaliyomo ndani, ataaga hata kahawa haijapoa.

Orodha hii ni ya wale wachache wasioaga. Tunahesabu kurudi nyuma, kutoka kwa muuaji mdogo hadi mkubwa. Naonya mapema kwamba huyo mkubwa anaishi nyumbani kwako na anakula chakula chako.

10. Safari

Mimea ya tangi ikinunuliwa Mombasa hupanda basi hadi Mokowe, ikashuka kwenye boti, ikapita mlango wa Mkanda ambao maji yakitoka mnangoja yarudi, ikafika Mtangawanda, ikamalizia kwa pikipiki. Hata wewe mwenye miguu hushuka umelegea. Siku chache baadaye majani yanaanza kuyeyuka, nawe unatupa kila kitu na kumlaani muuzaji.

Usitupe. Mimea mingi ya biashara huoteshwa mizizi ikiwa kwenye unyevu na majani yakiwa hewani, kwa sababu hivyo hukua upesi. Ukiizamisha, majani ya hewani hufa na mmea hutoa mengine yanayojua kuishi majini. Kata yaliyooza, acha mzizi na kiini, ngoja wiki mbili tatu. Kuhusu ufungaji, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya mwezi wa Agosti 2017, kwa hiyo zungushia mimea gazeti lililoloweshwa, weka ndani ya ndoo yenye kifuniko. Gazeti la mwaka jana linafaa. Mimea haifuati siasa.

9. Mtaalamu wa barazani

Kila baraza lina wake. "Tia samadi ya mbuzi, ndugu yangu. Mbona shamba linakubali?" Shamba lina upepo na nafasi, tangi la lita 60 halina. Samadi hutoa amonia, na amonia humwangusha samaki kabla mmea haujapata habari kwamba kuna karamu. Mwongeze kahawa, mgeuzie mazungumzo.

8 na 7. Konokono na tumbaku

Wametoka sare, mwamuzi ameshindwa kuwatenganisha.

Konokono huingia akiwa yai, ndani ya tone la ute lililogandama chini ya jani. Ukija kushtuka, una kijiji. Dawa yake iko kwa kinyozi: shabu, ile ile anayokupaka wembe ukiteleza. Yeyusha vijiko viwili vikubwa katika lita nne za maji, loweka mmea mgeni saa mbili tatu, kisha suuza na kusuuza tena, maana shabu iliyobaki haimpendi samaki pia. Mayai ni sugu, kwa hiyo yakwangue kwa ukucha. Konokono mmoja wawili si adui, wanakula majani yaliyokufa bila kudai mshahara. Wa kuogopwa ni wale wa madimbwi ya maji baridi huko bara. Ukiingia pekupeku kuchuma magugu ya bure, konokono wa jamii ya Bulinus wanaweza kukuachia kichocho. Magugu ya bure, dawa ya kulipia.

Tumbaku nayo ni jambo la hapa hapa. Mji wa Pate unalima tumbaku hadi katikati ya magofu ya kale, na mkono uliotoka kukwanyua majani yake hubaki na nikotini. Nikotini ni sumu kwa wadudu, kwa konokono na kwa samaki. Mmea wenyewe utapona, ila samaki akifa mmea umepoteza mwenye kuutilia mbolea. Kunawa kwa sabuni na kusuuza vizuri ni bure. Na hapana, usitumie njia hii kuwaondoa konokono wa hapo juu. Najua umeshafikiria.

6. Taa ya maonyesho

Nyumba kongwe za mawe za Lamu na Pate zina kuta nene za matumbawe na vyumba virefu vyembamba, kwa kuwa boriti ya mkoko haikumruhusu fundi kupanua chumba zaidi ya mita tatu hivi. Mwanga huingia kwa kiwanda, yaani uani, hupungua katika msana wa tini, ukumbi wa kwanza, hupungua zaidi katika msana wa yuu, ukumbi wa pili, na ndani kabisa huishia kuwa hadithi. Kwa mwenye tangi hiyo ni neema. Jua la moja kwa moja ndilo linaloamsha utando wa kijani unaovamia vioo na majani, na nyumba ya aina hii imekukinga kabla hujazaliwa.

Tatizo ni taa uliyoiongeza wewe. Inawashwa alfajiri na kuzimwa mgeni wa mwisho akiondoka. Mimea ya tangi hutosheka kwa saa sita hadi nane. Ziada huliwa na utando, na wa kwanza kuumia ni mmea unaokua polepole, kwa sababu jani lake hukaa miezi mahali pamoja likingoja kuvamiwa. Washa saa kumi jioni, zima saa tano usiku. Utalitazama tangi wakati uko nyumbani, na betri ya sola itakushukuru.

5. Jiwe zuri la bure

Pate hakuna asiye na jiwe zuri. Karibu yote ni matumbawe, na mchanga wa ufuoni ni matumbawe na simbi zilizosagika. Fanya jaribio hili ukiwa jikoni: weka jiwe kwenye sahani, kamulia ndimu juu yake, sogeza sikio. Likitoa vipovu na kufanya mchakacho mdogo, ni chokaa. Chokaa huyeyuka taratibu, maji yanakuwa mazito ya madini na ya kialkali, na humo chuma hakishikiki vizuri na mizizi. Utaona jani jipya likitoka la manjano ilhali la zamani ni kijani. Watu wengi huliona hilo wakaongeza taa. Rejea namba 6.

Nimempa nafasi ya tano kwa sababu ana dawa: badala ya kupigana na jiwe, chagua mmea unaolipenda. Valisneria, lile jani refu lenye umbo la utepe, huota Ziwa Tanganyika ambako maji yanakaribia pH 9, na huko hailalamiki. Matumbawe yaliyo hai waachie bahari. Yana kazi huko.

4. Chumvi ya kisima

Hapa tunaingia kwa wauaji wa kweli. Visima vingi vya Pate vina chumvi, na ndiyo maana vijiji vya kisiwa hiki vimejenga majabia ya kukingia mvua, na ndiyo maana mvua ikikosekana mazungumzo yote hugeuka kuwa mitungi na punda. Mwenye tangi hutumia kisima, kwa sababu nani atampa maji ya jabia kwa ajili ya majani? Na mwanzoni mambo huenda sawa. Maji yana chumvi kidogo tu, valisneria inavumilia, jamaa anajipongeza.

Kisha joto linaanza kazi. Maji hupungua kila siku, naye huongeza ya kisima kujaza pengo. Lakini kinachopanda hewani ni maji peke yake, chumvi hubaki. Ongeza, pungua, ongeza, pungua: baada ya miezi kadhaa ana bahari ndogo na mimea inayooza kuanzia nchani, na anaapa hajabadilisha kitu. Kweli hajabadilisha, na hilo ndilo kosa. Maji ya kujazia pengo yawe ya mvua, na kila wiki utoe kiasi uweke kingine.

Sasa hesabu, maana najua mama mwenye nyumba ataniuliza. Theluthi ya tangi la lita 60 ni lita 20, yaani dumu moja la kawaida. Katika mwaka wa ukame sithubutu kumwambia mtu amwage dumu la maji ya kunywa kwa ajili ya samaki, na ukifanya hivyo msikilize punda atakavyokutazama. Kwa hiyo tangi la Pate liwe dogo, samaki wawe wachache na mimea iwe mingi, kwa kuwa mimea hunyonya taka za samaki na kukupunguzia safari za dumu. Maji yanayotoka, kama hujayaacha yakakolea chumvi, mwagia mchicha au mpapai. Samaki wameshayatia mbolea, na huo ndio utetezi wako mbele ya baraza. Tahadhari mbili: mvua ya kwanza iachie ioshe paa kabla ya kukinga, na maji yaliyotiwa dawa ya klorini yaache wazi kwa siku nzima kabla hayajaingia tangini.

3. Ukarimu

Samaki wa tangi pwani hufa kwa takrima. Asubuhi baba anatupia punje, mchana mtoto, jioni shangazi aliyekuja kusalimia tu: "Masikini, wanaonekana na njaa." Samaki wana sura hiyo siku zote. Chakula kinachobaki huoza, taka zake hulisha utando, utando hufunika majani, na majani hukosa mwanga. Pia maji yetu ni ya moto. Yakifika nyuzi 30 hubeba takriban miligramu 7.5 za oksijeni kwa lita, wakati yale ya nyuzi 20 hubeba 9. Usiku mimea nayo huvuta oksijeni hiyo hiyo, na uozo unavuta kuliko wote. Ndiyo sababu misiba ya tangi hugunduliwa alfajiri.

Na hapa wazee wetu wana haki ya kutucheka, kwa sababu kufuga samaki ndani ya nyumba si jambo geni visiwani hapa. Nyumba kongwe zilikuwa na birika chooni, limejengwa kwa mawe na kukandikwa chokaa, maji yakichotwa kwa kata. Ndani ya birika walitiwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi wa mbu. Sakafuni mwake fundi alipachika bakuli la kaure kutoka Uchina, limezama hadi ukingo ndani ya chokaa, ili maji yakipungua au birika likioshwa, samaki wabaki na shimo lao la maji. Tafakari hilo kidogo. Samaki wa chooni alijisitiri ndani ya chombo ambacho leo jumba la makumbusho lingekiwekea kioo na mlinzi.

Na hakuna aliyemtupia punje. Alikula mbu, basi, na maji yake watu walijitawazia. Hilo si tangi la mimea, nakubali, lakini mpango wake ulikuwa kamili kuliko wetu wenye pampu: samaki wachache, chakula kinachokuja chenyewe, pahali pa kukimbilia. Kwa tangi la leo, lisha mara moja kwa siku kiasi kinachomalizwa ndani ya dakika mbili. Na siku moja ya wiki wafunge kabisa. Chagua Jumatatu au Alhamisi, mfunge pamoja.

2. Kutupa mabaki nje

Huyu haui mimea yako. Anaua ziwa la watu, kwa hiyo nimempandisha kwa nguvu.

Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini na kusambazwa duniani na watu waliolipendea ua lake la zambarau kwenye mabwawa ya bustani. Kufikia miaka ya 1990 lilikuwa limefunika ghuba za Ziwa Viktoria, mashua zimefungwa gatini, wavuvi wa Kisumu wanatazama maji wasiyoyafikia. Ikabidi waletwe fukusi wa kulitafuna. Salvinia, kimmea kingine cha kupendeza cha kuelea, nacho kililitesa Ziwa Naivasha. Yote mawili yaliwahi kuwa mapambo ya mtu aliyesema "kipande kimoja tu".

Kisiwa chetu hakina ziwa, lakini vipande husafiri. Ukienda Mpeketoni kwa shemeji ukabeba kichane cha mimea umpelekee zawadi, kuna Ziwa Kenyatta karibu na kuna mto Tana mbele. Kila ulichokata kianike juani mpaka kikauke kabisa, kisha kiende shambani. Jua la Pate halitaki kibali.

1. Kuogopa mkasi

Ndiye huyu. Ndiye wewe.

Naelewa. Umenunua mmea kwa pesa, ukaupandisha boti, ukaubania lita za jabia, na sasa naja kukwambia uukate. Mkono unakuwa mzito. Lakini tazama kinachotokea usipokata. Shina linafika juu, linajitandaza, linaziba mwanga. Majani ya chini yanakufa kwa kiza. Yakifa yanaoza, yakioza tunarudi namba 3. Kwa juu unaona msitu, ukiinama ukachungulia kwa ubavuni unaona vijiti vitupu vimesimama kwenye tope. Matangi mengi ninayoitwa kuyatazama yamekufa hivi, na mwenyewe amesimama kando akisema, "Lakini ilikuwa imestawi mno!"

Ustadi wa kukata si wa kuagiza kutoka nje, upo hapa. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na wakataji wake wanajua jambo ambalo wauza matangi wengi hawalijui: miti haifanani mbele ya panga. Mchu ukiukata, kisiki huchipua upya bila shida. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya magongo, ukiukata chini ya majani yake yote umekwisha, kwa kuwa kisiki chake hakina macho yaliyolala yakingoja kuamshwa. Ndiyo maana palipofyekwa mikoko lazima papandwe miche, kazi ambayo kina mama wa Mtangawanda wameifanya kwa mikono yao kwenye matope.

Ndani ya tangi kuna makabila hayo hayo mawili.

Mimea ya shina, kama ludwigia, higrofila na lile gugu lisilo na mizizi liitwalo Ceratophyllum, ni jamaa wa mchu. Tafuta kifundo, mahali jani linapotokea, kata juu yake kidogo. Chini yatachipuka matawi mawili penye moja. Kipande cha juu kivue majani ya vifundo viwili vya mwisho, kichomeke mchangani, una mmea mpya. Cha Ceratophyllum hata kuchomekwa hakihitaji, kitupie tu kielee. Baada ya kukatwa mara nyingi shina la chini huchoka: ling'oe bila huruma, panda vichwa.

Valisneria usiinyoe katikati ya jani. Najua inavutia kuisawazisha, lakini ukingo uliokatwa hugeuka kahawia na jani zima hufuata. Shika jani la nje, shuka nalo hadi shinani, kata hapo. Watoto wake wanaotambaa kwa kamba wasikatwe kitovu kabla hawajafikisha majani manne matano yao wenyewe.

Anubia ndiyo mkoko wa tangi, kwa maana kwamba inataka heshima. Ina tunguu linalolala, na ukilizika mchangani linaoza. Lifunge juu ya jiwe kwa uzi wa pamba, ule wa kushonea kofia. Uzi utaoza baadaye, mizizi ikiwa imekwisha kushika. Kata jani kwa kikonyo chake chote. Ukitaka kugawa tunguu, kila upande ubaki na majani matatu au zaidi, la sivyo umepata vipande viwili vya majonzi.

Yungiyungi, kwa aliyeipata, hukatwa majani yanayopanda juu ili itoe ya chini. Ukitaka ua, yaache yapande. Huwezi kupata yote mawili, na usiniandikie kuniuliza.

Usikate zaidi ya theluthi ya tangi kwa siku moja, maana mimea ndiyo inayokusafishia maji, na ukiifyeka yote utando utashika zamu. Mkasi uwe mkali. Butu huponda shina, na shina lililopondwa huoza kutoka kwenye jeraha. Mkasi mdogo wa kucha unatosha kabisa. Ule wa kukatia mapezi ya changu hautoshi, hata ukiuosha vipi.

Ukimaliza, okota kila kipande kinachoelea kabla hakijaziba kichujio. Toa dumu moja, rudisha dumu moja. Sponji ya kichujio isuuze katika maji yale yale uliyoyatoa, kwa sababu maji yenye klorini huwaua bakteria wanaokufanyia kazi humo. Siku hiyo samaki wasilishwe. Na kama mkasi ni wa mwenye nyumba, urudishe pale pale ulipoutoa, umekauka, kabla hajauliza.